Kivuli cha McKinley chatanda tena Washington

ALIPOAPISHWA mnamo Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alimtaja kiongozi ambaye aghalabu hasikiki katika hotuba za aina hiyo: William McKinley, rais wa 25 wa taifa hilo. Alimsifu kwa kulitajirisha taifa kupitia ushuru wa forodha, akaahidi kuurejesha Mfereji wa Panama mikononi mwa Marekani, na siku iyo hiyo akaagiza mlima mrefu zaidi Amerika Kaskazini urudishiwe jina la kiongozi huyo. Aidha, alisema Marekani itajihesabu tena kuwa taifa linalokua na kupanua mipaka yake. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anaitaka Greenland, kisiwa kilicho chini ya himaya ya Denmark.

Ni rahisi kuyachukulia matamshi hayo kuwa vituko vya mtu mmoja. Hata hivyo, anayeifahamu historia ya Marekani kati ya 1898 na 1917 atatambua kwamba njia hiyo imewahi kupitwa, na kwamba nyayo zake zingali zinaonekana. Katika kipindi hicho taifa hilo lilifanya mambo matatu kwa pamoja: lilijitwalia makoloni, lilirekebisha siasa na uchumi wake wa ndani, kisha likaingia katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mambo hayo matatu hayatenganiki.

Mwanzo wake ulikuwa bandari ya Havana. Mnamo Februari 15, 1898, manowari ya Marekani iliyoitwa Maine ililipuka humo na kuua mabaharia zaidi ya 260. Magazeti ya New York yaliinyoshea Uhispania kidole, na Aprili vita vikatangazwa. Uchunguzi uliofanywa miaka ya sabini katika karne iliyopita ulionyesha kwamba yamkini mlipuko ulitokea ndani ya meli yenyewe. Lakini kufikia hapo kisa kilikuwa kimeshafanya kazi yake. Kwa mkataba uliotiwa saini jijini Paris mnamo Desemba 10, 1898, Uhispania iliiachia Marekani visiwa vya Puerto Rico, Guam na Ufilipino, hiki cha mwisho kwa malipo ya dola milioni 20. Hawaii, ambayo malkia wake Liliuokalani alikuwa amepinduliwa mnamo 1893, ilitwaliwa mwaka uo huo wa 1898.

Wafilipino, ambao walikuwa wakipigania uhuru wao dhidi ya Uhispania, hawakuulizwa lolote. Wakiongozwa na Emilio Aguinaldo, waligeuza bunduki zao dhidi ya bwana mpya. Vita hivyo viligharimu maisha ya zaidi ya askari 4,000 wa Marekani, na raia wa Ufilipino wanaokadiriwa kuwa 200,000 au zaidi walikufa kwa mapigano, njaa na kipindupindu. Uhuru wao haukupatikana hadi 1946.

Isidhaniwe kwamba Wamarekani wote walishangilia. Mwandishi Mark Twain na tajiri Andrew Carnegie walikuwa miongoni mwa waliopinga, wakihoji vipi jamhuri iliyozaliwa kwa kukataa ukoloni inaweza kuwa na makoloni. Seneti iliuidhinisha mkataba wa Paris mnamo Februari 1899 kwa kura 57 dhidi ya 27, yaani kura moja tu zaidi ya theluthi mbili zilizohitajika. Kisha mnamo 1901 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa haki zote za katiba hazifuati bendera kila inakopepea. Athari za uamuzi huo zipo hadi leo: wakazi wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, lakini wangali hawapigi kura ya kumchagua rais wakiwa kisiwani mwao.

Kisa cha Panama kina funzo la pekee. Mnamo 1903 Seneti ya Colombia ilikataa mkataba wa kuiruhusu Marekani kuchimba mfereji katika mkoa wake wa Panama. Novemba 3 mwaka huo mkoa huo ulijitangazia uhuru, huku manowari za Marekani zikiwazuia wanajeshi wa Colombia kuuzima uasi. Siku 15 baadaye mkataba mpya ulitiwa saini jijini Washington. Aliyeweka sahihi kwa niaba ya Panama hakuwa Mpanama, bali Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla, aliyekuwa na maslahi katika kampuni ya zamani ya mfereji huo. Wajumbe kutoka Panama walipofika Washington, walikuta wino umekwisha kukauka. Iliwachukua Wapanama miaka 96, na ghasia za Januari 1964 ambamo wenzao wapatao 20 waliuawa, hadi walipokabidhiwa mfereji mnamo Desemba 31, 1999.

Rais aliyesimamia hayo, Theodore Roosevelt, ndiye pia aliyesifika kwa mageuzi ya ndani. Aliingia Ikulu baada ya McKinley kupigwa risasi jijini Buffalo mnamo Septemba 1901. Alizishtaki kampuni zilizokuwa zimehodhi biashara ya reli, na mnamo 1906 akatia saini sheria za kukagua nyama na kudhibiti vyakula na dawa, baada ya riwaya ya Upton Sinclair kufichua uchafu wa vichinjio vya Chicago. Mnamo 1911 kampuni ya mafuta ya Standard Oil ilivunjwa kwa amri ya mahakama. Mnamo 1913 kodi ya mapato ilipata uhalali wa kikatiba, maseneta wakaanza kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na benki kuu ikaundwa.

Hayo yalikuwa mafanikio halisi, na mataifa mengi yameyaiga. Hata hivyo, mageuzi hayo yalikuwa na mipaka ya rangi. Rais Woodrow Wilson, aliyeingia madarakani mwaka huo wa 1913, aliruhusu wafanyakazi weusi kutengwa katika ofisi za serikali kuu. Kiongozi huyo aliyezungumza kwa ufasaha kuhusu demokrasia ndiye aliyetuma majeshi Veracruz nchini Mexico mnamo 1914, Haiti mnamo 1915 na Jamhuri ya Dominika mnamo 1916. Majeshi hayo hayakuondoka Haiti hadi 1934.

Vita vilipozuka Ulaya mnamo Agosti 1914, Wilson alitangaza kwamba nchi yake haitaegemea upande wowote. Lakini pesa hazikujua msimamo huo. Biashara na mikopo ilimiminika kwa Uingereza na Ufaransa kwa mabilioni ya dola. Ujerumani ilijibu kwa nyambizi. Mnamo Mei 7, 1915 meli ya Lusitania ilizamishwa na watu karibu 1,200 wakafa, wakiwemo Wamarekani 128. Wilson bado alisita, na mnamo 1916 alichaguliwa tena kwa sifa ya kuiepusha nchi na vita.

Mambo mawili yalibadilisha hali mwanzoni mwa 1917. Ujerumani, ikidhani ingeilaza Uingereza njaa kabla ya askari wa Marekani kufika, iliamuru nyambizi zake zishambulie kila chombo bila kubagua. Kisha ikafichuka simu ya maandishi ambamo waziri wake wa mashauri ya kigeni, Arthur Zimmermann, aliiahidi Mexico kurejeshewa Texas, New Mexico na Arizona iwapo ingejiunga na Ujerumani vitani. Hizo zilikuwa ardhi ambazo Mexico ilizipoteza kwa Marekani katika karne ya 19. Deni la kale la upanuzi lilikuwa limetumiwa kama chambo. Mnamo Aprili 6, 1917, Marekani iliingia vitani.

Gharama haikuwa ya damu pekee, ingawa Wamarekani takriban 116,000 walikufa. Sheria za 1917 na 1918 zilifanya ukosoaji wa vita kuwa jinai, na mwanasiasa Eugene Debs alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa sababu ya hotuba. Wilson alisema anapigania demokrasia ulimwenguni huku raia wake wakinyamazishwa nyumbani.

Nasi Afrika Mashariki hatukuwa watazamaji. Makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walifia katika vita hivyo baina ya Waingereza na Wajerumani, na majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ni ukumbusho wao. Mnamo Januari 1918 Wilson alitangaza kwamba maslahi ya wenyeji yangezingatiwa sawia na madai ya serikali katika kuamua hatima ya makoloni. Vita vilipokwisha, Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza na Ruanda-Urundi ikapewa Ubelgiji. Wenyeji hawakuulizwa, kama ambavyo Wafilipino hawakuulizwa.

Turejee Greenland. Marekani ilipovinunua visiwa vya Denmark katika bahari ya Karibi kwa dola milioni 25, mkataba ukiwa umetiwa saini 1916 na visiwa kukabidhiwa siku chache kabla ya kutangazwa kwa vita, waziri Robert Lansing alitoa tamko kwamba nchi yake haitapinga Denmark kuieneza himaya yake kote Greenland. Anayekidai kisiwa hicho leo anaikana ahadi iliyotolewa na Washington yenyewe.

Fauka ya hayo, hata McKinley hakufa akiwa yule anayesifiwa sasa. Mnamo Septemba 5, 1901, siku moja kabla ya kupigwa risasi, aliuhutubia umati jijini Buffalo na kusema kuwa enzi ya kujitenga imepita na kwamba vita vya kibiashara havina faida. Mfuasi wake wa leo ameokota nusu ya kwanza ya maisha yake na kuiacha ya pili.

Mafunzo ni bayana. Ustawi wa demokrasia ndani ya taifa kubwa si dhamana kwamba litawatendea haki walio nje yake. Ardhi inayotwaliwa kwa wepesi huweza kudai fidia kwa karne nzima. Nayo mataifa madogo yanayojadiliana na Washington kuhusu biashara, madini au kambi za kijeshi hayana budi kukumbuka kisa cha Panama: kabla ya kuuliza mkataba unasema nini, yaulize ni nani anayeshika kalamu kwa niaba yao, na iwapo wananchi wameusoma. Tahadhari ni kabla ya hatari, na wino ukishakauka, kuufuta huchukua vizazi.