Bahari ya Omaha si ya watalii
Watengenezaji wa michezo ya kompyuta ya vita wanapenda bahari inayometameta, utadhani tangazo la hoteli. Tarehe 6 Juni 1944, wanajeshi wa Marekani walioshuka ufukwe wa Omaha, Ufaransa, walikuta bahari chafukoge. Wengi walifika wamelowa chapachapa, wakiwa wametapika njiani. Katika michezo hiyo, kompyuta huchora bahari kuu kwa kujumlisha mawimbi mengi ya ukubwa tofauti, lakini hesabu hiyo hugoma ufukweni, ambako wimbi hupunguza mwendo, huinuka, kisha huvunjika. Halafu kuna uzito, jambo linalosahaulika mno: baadhi ya waliozama siku ile walivutwa chini na mizigo yao wenyewe. Mchezo unaomwacha askari akimbie kwa kasi ileile maji yakiwa kifuani hauyajui maji, hata yang'ae vipi.