Taulo la Douglas Adams

Kila tarehe 25 Mei kuna watu wazima wanaotembea mitaani na taulo begani, wala hawaendi kuoga. Wanamkumbuka Mwingereza Douglas Adams, aliyefariki ghafla California mwaka 2001 akiwa na miaka 49. Mchezo wake wa kuchekesha kuhusu safari za angani ulianzia redio ya BBC mwaka 1978, ukawa kitabu mwaka uliofuata. Humo taulo ndilo lenye manufaa kuliko vyote kwa msafiri. Kuandika kwenyewe, lo, alikuwa mzito kupindukia! Mhariri wake aliwahi kuhamia naye hotelini, akamlinda kama mfungwa hadi riwaya ya nne ikaisha. Mashabiki walingoja tu. Kaburini kwake Highgate, London, humwachia kalamu. Mimi ningempelekea saa.