Mjamzito, kisukari na virusi: Hatari isiyopimwa Nakivale na Oruchinga

COVID-19 ilipoingia Uganda mwezi Machi 2020, serikali ilipiga marufuku usafiri wa magari ya umma na ya binafsi. Mjamzito aliyehitaji gari la kumfikisha hospitali alilazimika kwanza kupata kibali cha Kamishna Mkazi wa Wilaya. Sharti hilo liliondolewa mwezi Aprili. Kwa wanawake wa Nakivale na Oruchinga, makazi mawili ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, umbali ulibaki palepale: hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini Mbarara, makumi ya kilomita kutoka huko.

Mjadala wa wakati ule ulihusu barabara. Lakini kwa baadhi ya wajawazito, hatari ilikuwa imeanza mapema, kabla ya homa na kabla ya safari.

Septemba 2020, jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali. Ulibaini kuwa miongoni mwa wajawazito walioambukizwa virusi vya corona, waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya ni wenye umri mkubwa, wenye unene uliopindukia, wenye shinikizo la damu la muda mrefu na waliokuwa na kisukari kabla ya mimba.

Sababu zake zinaeleweka. Mimba inapokua, mapafu hupata nafasi finyu huku mahitaji ya oksijeni yakiongezeka. Homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, na sukari ikizidi katika damu, chembe nyeupe hudhoofika katika kupambana na vijidudu. Mafuta mengi mwilini nayo huchochea uvimbe wa ndani kwa ndani. Virusi vikiingia, maambukizi yenyewe hupandisha sukari zaidi. Hata deksamethasoni, dawa iliyookoa maisha ya wagonjwa mahututi wa COVID-19, hupandisha sukari.

Unene penye upungufu

Wapo watakaouliza: unene una nafasi gani mahali ambapo mgao wa chakula unapunguzwa? Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda hadi asilimia 70 mwezi Aprili 2020, kisha asilimia 60 mwezi Februari 2021. Mei 2025, wakimbizi takriban milioni moja waliondolewa kabisa katika msaada huo.

Hata hivyo, njaa na unene vinaweza kuishi katika kaya moja. Fedha zikiwa chache, unga na mafuta hushibisha kwa bei nafuu kuliko mboga, matunda, maziwa au samaki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Uganda ulionyesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi au unene uliopindukia waliongezeka kutoka asilimia 19 mwaka 2011 hadi asilimia 24 mwaka 2016. Huduma za lishe kwa wakimbizi zimejengwa hasa kumtafuta aliyekonda, na ni sawa kufanya hivyo. Lakini mama mnene huweza kupita mbele ya mizani na kuonekana mwenye afya njema, huku sukari yake ikipanda.

Kipimo kinachodai subira

Kwa mwanamke ambaye hajawahi kupimwa, kliniki ya wajawazito mara nyingi ndiyo nafasi ya kwanza ya kugundua kisukari, kiwe kimeletwa na mimba au kimekuwapo siku zote. Kipimo kamili, ambacho kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28, humtaka mama afike bila kula, anywe gramu 75 za glukosi, kisha asubiri saa mbili. Kwa aliyetembea kwa miguu asubuhi, akiwa amewaacha watoto nyumbani, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, WHO, vya mwaka 2013, kiwango cha milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula chatosha kuthibitisha kisukari cha mimba. Hapo pana mlango kwa vituo vyenye uwezo mdogo: kuanza na kipimo hicho kimoja, kwa wenye uzito mkubwa au wenye historia ya kisukari katika familia, pasipo kungoja wiki ya 24.

Mpox ilithibitishwa Uganda mwaka 2024, na virusi vyake huweza kumfikia mtoto tumboni. Milipuko itaendelea kuja. Bajeti za misaada zinapokatwa, vipimo vya sukari ni rahisi kufutwa, kwa kuwa mgonjwa wake hajalala kitandani. Atakayefutiwa kipimo hicho leo huenda ndiye atakayehitaji oksijeni Mbarara katika mlipuko ujao.