Mkulima wa Kilimanjaro Anaijua Hesabu ya Bima

Kila inapoulizwa kwa nini Watanzania wengi hawana bima ya afya, jibu huwa limeshaandaliwa: wananchi hawana elimu. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwishoni mwa mwaka 2023, takwimu za serikali yenyewe zilionyesha kuwa takriban asilimia 15 tu ya wananchi walikuwa na bima ya aina yoyote, na tiba inayosikika mara nyingi ni ileile: semina, vipeperushi na mikutano ya hadhara. Imani hii inawafariji viongozi kwa sababu inamtwisha mwananchi lawama yote. Lakini si ya kweli, na pa kuipima ni Kilimanjaro.

Watu wa miteremko ya mlima huu hawahitaji kufundishwa maana ya kuchangiana. Wakulima wao wa kahawa walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933, na kuanzia Machame hadi Rombo michango ya misiba, harusi na vikoba haikatiki. Mwaka 2011 KNCU hiyohiyo, ikishirikiana na shirika la PharmAccess la Uholanzi, ilianzisha mpango wa bima kwa wanachama wake. Mpango huo ulikuwa na ruzuku, tena uliambatana na kuboresha vituo vilivyotoa huduma. Waliouandaa walijua kwamba mtu hununua matibabu, hanunui kadi.

Sasa tazama Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), bima iliyokusudiwa mkulima wa kawaida. Kaya ya watu hadi sita ilitakiwa kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani shilingi 5,000 kwa kila mtu ikiwa kaya ina watu sita. Fedha hiyo haikuweza kujaza rafu za dawa za zahanati, ndiyo maana mwenye kadi aliandikiwa dawa kisha akaambiwa akanunue duka la nje. Tena kadi hiyo ilikomea hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo hapa ni Mawenzi. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyo katika mji huohuo wa Moshi, haikuwemo. Mgonjwa wa saratani kutoka Kibosho aliweza kufika KCMC kwa daladala, lakini kadi yake haikufika. Aliyeiacha kadi ya namna hiyo hakukosa elimu. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Watetezi wa semina watasema kwamba watu husubiri wagonjwe ndipo wajiunge, na wana ushahidi. Mwaka 2023 NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja katika Toto Afya Kadi, bima ya watoto iliyolipiwa shilingi 50,400, ikieleza kuwa wazazi wengi walisajili watoto ambao tayari ni wagonjwa. Hoja hiyo ni nzito, kwani mfuko wa wagonjwa watupu hufilisika. Lakini inathibitisha nini? Mzazi anayelipa pale anapojua kadi itatumika ameielewa bima barabara. Dawa ya tatizo hilo ni ulazima unaoambatana na ruzuku, wala si mhadhara. Hata elimu ya watumishi wa umma haikuwasaidia Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi ziliposusa kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa kupinga kitita kipya cha mafao. Waliijua bima, walikatwa mishahara, na bado walirudishwa mlangoni.

Rwanda imewafikisha wananchi walio wengi kwenye bima kwa kuwalazimisha wote kujiunga, kuwalipia maskini na kupeleka huduma karibu na vijiji. Sheria yetu nayo imetaja vyanzo vya kuwagharimia wasio na uwezo, ukiwemo ushuru wa vileo na vinywaji baridi. Kipimo chake kitakuwa fedha hizo kufika zahanati ya kijiji kabla ya mkusanyaji wa michango kufika. Kumlazimisha mkulima kulipia rafu tupu ni kumtoza kodi kwa jina la bima. Basi, kiongozi atakayekuja kukuelimisha kuhusu bima, msikilize kwa heshima, kisha umuulize: wiki hii zahanati yetu ina dawa gani?