Mahakama ya Kale: Kuta Tumezitunza, Daftari Je?

Wasomaji wa ukurasa huu wanijua kuwa mimi si mtu wa kuzozana na watu wa makumbusho. Kazi yao ni njema, na mwenye kutenda jema hushukuriwa. Lakini juma lililopita nilipita Ngomeni, nikaingia katika lile jumba liitwalo Mahakama ya Kale, na nilipotoka nilitoka na neno ambalo nimeshindwa kulimeza.

Nilimkuta humo kijana mmoja wa skuli, begi mgongoni, anatazama vitu vilivyowekwa kwa maonyesho. Akaniamkia, "Shikamoo maalim," nikamwitikia. Kisha akaniuliza jumba hili zamani lilikuwa la nani. Nikamwambia kuwa lilikuwa mahakama, tangu mwaka wa 1902, na kwamba babu zetu waliingia humu kushitaki na kushitakiwa. Akatazama juu darini, akatazama chini, halafu akaniuliza swali ambalo nami ningependa niwaulize nyinyi: "Sasa hizo kesi zao ziko wapi?"

Sikuwa na jawabu la kumtosha. Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ni swali kubwa," nikajitia kutazama saa.

Natutazame kwanza jumba lenyewe. Liko hatua chache tu na Ngome. Mwaka wa 1895 Waingereza waliutwaa uwanda wetu wa pwani, maili kumi kutoka baharini, kwa mapatano na Sultani wa Unguja, na Ngome wakaigeuza jela. Miaka saba baadaye ikaja mahakama hii. Mombasa wakati ule ndiyo iliyokuwa makao ya serikali. Nairobi haikuchukua cheo hicho mpaka mwaka wa 1905. Hivyo basi mtu aliweza kuhukumiwa katika nyumba hii na kufungwa katika ile, na njia yake yote ikawa fupi kuliko mwendo wa kwenda sokoni. Jela ya Ngomeni ilifungwa mwaka wa 1958, makumbusho yakafunguliwa mwaka wa 1960, na mwaka wa 2011 Ngome ikaandikwa katika urithi wa dunia. Mahakama nayo kwa zamu yake ikaacha kazi, ikaingia mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, ikawa nyumba ya vitabu na maonyesho. Alhamdulillahi, haikubomolewa kujengwa ghorofa la maduka. Wangapi tumewaona wakibomoa!

Wako watakaosema: ya nini kuitukuza nyumba ya mkoloni? Hoja hii naiheshimu, kwani si ya mtu mjinga. Katika nyumba kama hii hakimu alikuwa mgeni, lugha ilikuwa ngeni, na baina ya mshitakiwa na haki yake alisimama mkalimani. Yapo mambo makubwa zaidi ya hayo. Wazee wetu walikuwa wakiweka wakfu kwa ajili ya jamaa zao, mtu akaifunga nyumba au shamba isiuzwe, faida yake waile watoto na wajukuu, na mwisho wake iende kwa maskini. Jambo hili sheria yetu yalijua, na makadhi wetu walilihukumia. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi moja ya wakfu iliyotoka pwani hii ya Kenya ilipanda daraja kwa daraja mpaka London, na majaji wa huko wakaamua kwamba wakfu wa namna hiyo hausihi. Na walishika nini? Walishika hukumu waliyoitoa wao wenyewe mwaka wa 1894 katika kesi ya Bara Hindi! Hukumu ya Bengal ikaja kukata shamba la Mombasa. Ikabidi itungwe sheria hapa kwetu, ile ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka wa 1951, ili wakfu wa jamaa upate kusimama.

Haya si mambo ya kufurahia. Hata hivyo, nayajua kwa sababu gani? Kwa sababu yaliandikwa, na yaliyoandikwa yakahifadhiwa. Lau karatasi za kesi ile zingaliliwa na mchwa, leo tungebaki na manung'uniko tu, na manung'uniko hayana nguvu mbele ya mtu yeyote. Shahidi si lazima awe mtu umpendaye. Shahidi hutakiwa awe hai na aseme aliyoyaona. Nyumba ya mahakama ni shahidi wa namna hiyo, alitushuhudia tulipodhulumiwa na alitushuhudia tulipopata haki, na daftari zake ndizo ulimi wake.

Nitawapa mfano wa nchi ya mbali. Katika Marekani liko jimbo la Texas, lenye kaunti 254, na kila kaunti ina nyumba yake ya mahakama, aghalabu katikati ya mji, imezungukwa na uwanja na maduka. Nyingi zilijengwa mwisho wa karne ya kumi na tisa, za mawe na matofali, zina minara na saa. Humo huhukumiwa kesi, na humo pia huandikishwa ndoa na kuwekwa hati za ardhi. Baada ya miaka mingi zikachakaa. Nyingine ziling'olewa minara, nyingine zikateremshwa dari na kuzibwa kumbi zake kwa jina la usasa. Mwaka wa 1998 shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kale likazitaja mahakama za Texas kuwa miongoni mwa mahali palipo hatarini, na mwaka uliofuata, 1999, jimbo likaanza mpango wa kuzitengeneza. Hadi sasa zaidi ya 70 zimekwisha kurudishiwa sura yake.

Kilichonivutia katika mpango ule ni masharti yake. Kaunti haipewi fedha kwa kulia. Ni lazima kwanza ilete mchoro na maelezo kamili ya jengo na madhara yake, ni lazima itoe fungu lake yenyewe, na ni lazima ijifunge kwa maandishi kwamba baada ya kutengenezwa nyumba haitaharibiwa tena. Na sheria ya jimbo yasema kuwa atakaye kubomoa au kugeuza mahakama ya kale sharti atoe taarifa siku 180 kabla, watu wapate kusema lao. Isitoshe, nyingi kati ya nyumba zile zikisha kutengenezwa huendelea kuwa mahakama. Jaji huingia asubuhi, karani akafungua dirisha, mwananchi akapanga mstari na hati yake mkononi. Nyumba yenye kazi haisahauliki.

Iko hapo katika mji wa Hillsboro mahakama iliyojengwa mwaka wa 1890. Siku ya mwaka mpya wa 1993 iliungua, mnara ukaporomoka, zikabaki kuta. Wenyeji wangeweza kuipangusa wakajenga sanduku la saruji. Hawakufanya hivyo. Mwimbaji mashuhuri Willie Nelson, ambaye ni mzaliwa wa kaunti ile, akafanya tamasha kuchangisha fedha, watu wakachanga, na mwaka wa 1999 nyumba ikafunguliwa upya. Wala msidhani kuwa mahakama zile zilikuwa za haki tupu. Watu weusi wa kusini mwa Marekani waliketishwa mbali humo, na wengi walihukumiwa na watu ambao wote walikuwa weupe. Wajukuu wao leo huzihitaji nyumba zile na karatasi zile ili wathibitishe waliyotendewa wazee wao.

Sasa nirudi kwetu, nieleze lililonikuta mimi.

Mimi nilisoma chuoni kabla ya kusoma skuli, na herufi za Kiarabu ndizo nilizozijua mwanzo. Kwa hiyo jirani zangu wakiwa na khati ya zamani huniletea niwasomee. Khati hizi wengi wenu mnazo ndani ya makasha ya bibi zenu, karatasi ya manjano, wino uliofifia, maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na chini majina ya mashahidi. Siku moja waliniletea khati ndugu wawili, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, wanaogombea shamba la minazi. Karatasi ilikuwa imekatika pembeni, mahali penyewe panapotaja mipaka. Upande mmoja mpaka ni mkwaju wa fulani, na upande wa pili… tundu. Nikawaambia, msigombane, nakala itakuwa katika daftari la mahakama. Nikafuatana nao mimi mwenyewe mpaka ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani, mtu mstahifu, alihangaika nasi siku mbili. Mwisho akatuletea daftari lililoshikana kurasa kama mkate uliolowa. Mvua ilipitia kwenye paa miaka mingi iliyopita, akasema, kisha wakaja mchwa. Ule ukurasa tuliokuwa tukiutafuta ulimomonyoka vidoleni mwake.

Wale ndugu hawasemezani mpaka leo. Mmoja alipofisha mtoto wake, mwingine hakuja maziko. Shamba limekaa bila kuangushwa nazi, na hapana kadhi wala hakimu awezaye kuujaza mpaka ulioliwa na mchwa. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona kuwa hata udugu hupotea.

Nasi Waislamu katika jambo hili hatuna udhuru. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu chetu ni ile ya Suratul Baqara inayotuamrisha kuandika deni, kuwa na mwandishi mwadilifu, kuweka mashahidi, wala tusichoke kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Kutunza daftari kwetu ni amri tuliyopewa kabla ya Mwingereza kuleta mhuri wake. Mahakama za liwali na mudiri ziliondolewa mwaka wa 1967. Mahakama ya kadhi imebaki, ikapokewa katika mapatano ya mwaka wa 1963, ikatiwa katika katiba, na ikathibitishwa tena katika kifungu cha 170 cha katiba ya mwaka wa 2010. Tuliipigania kwa maneno makali sana wakati ule. Je, nani kati yetu amewahi kupigania kabati la kuwekea daftari zake?

Shida moja ni kwamba mtoto huyu ana walezi wengi. Kuta ziko chini ya watu wa makumbusho kwa sheria ya mwaka wa 2006. Karatasi za kesi ni za mahakama. Zikizeeka ni za Nyaraka za Taifa. Maktaba na makumbusho ya mahali yamekabidhiwa kaunti. Kila mmoja akimtazama mwenzake, mtoto hulala na njaa. Tangu mwaka wa 2020 mahakama zilianza Nairobi kupokea kesi kwa kompyuta, na hilo ni jema kwa kesi za leo. Za babu zetu haziwezi kujiingiza katika kompyuta zenyewe.

Naomba mambo matatu, wala si makubwa. La kwanza, walezi hao wakae kitako mara moja, waandike orodha ya daftari zote za kale za mahakama za pwani, za majaji, za maliwali na za makadhi, ijulikane ipi iko wapi na ina hali gani. La pili, vijana wetu wa madrasa wanaozijua herufi wafundishwe kusoma khati za zamani, walipwe, wazinakili. Kazi hii itakuja kukosa watu tukifa sisi. La tatu, chumba kimoja katika ile Mahakama ya Kale kiwekwe kwa ajili ya mahakama yenyewe, pawe na nakala za kesi na khati, pawe na mtu wa kuzisoma, na mwananchi mwenye karatasi kashani aje apigiwe picha yake na kurudi nayo nyumbani. Hapo jumba litakuwa limerudi kazini.

Tusingoje msiba. Unguja walikuwa na Beit al-Ajaib, jumba la mwaka wa 1883, fahari ya pwani nzima. Liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, hali mafundi wamo ndani wakilitengeneza, na watu wawili wakafa. Jumba likianguka dunia nzima husikia. Daftari likifa hufa kimya, na wa kwanza kujua ni yule anayefukuzwa shambani.

Yule kijana wa skuli nilimwahidi kuwa nitaandika. Nami, kwa kuwa ada haiachwi, namfungia kwa ubeti mmoja:

Nyumba haikujengewa, kukaa ikitizamwa,
Humo haki 'litolewa, na madai yakasomwa,
Karatasi zikiliwa, mwenye shamba husukumwa,
Shahidi akiuawa, haki vipi itapimwa?