Mji wa Wageni Usiwahamishe Wenyeji

Wapo ndugu zetu wa Newala na vijiji vyake, Chilangala ikiwemo, wanaotumaini kuwa Shimo la Mungu, ule ukingo wa uwanda wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma na Msumbiji, litavuta watalii siku moja. Tunawatakia heri. Lakini kabla wageni hawajafika, tunawashauri wakuu wa familia wautazame kwanza Mji Mkongwe wa Unguja.

Mji huo ulikuwa ukibomoka ilipoundwa mamlaka ya kuuhifadhi mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Wageni wa mwanzo walikuwa wachache. Zikaja nyumba za kulala wageni, yakafuata maduka ya vinyago (vingi huitwa vya Kimakonde, ingawa faida yake ni nadra kupanda huku uwandani), kisha hoteli kubwa. Hata Mambo Msiige, jengo la karne ya 19, limekuwa hoteli tangu 2015. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba.

Ajira zimepatikana, na hilo si la kubezwa. Ila nyumba inapolipa zaidi kwa mgeni wa usiku mmoja kuliko kwa mpangaji wa miaka ishirini, mpangaji huhama, duka la unga hugeuka duka la mapambo, na safu za msikiti wa mtaa hupungua. Wala umaarufu haukuizuia Beit al Ajaib kuporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili.

Kwa maoni yetu, kinga kubwa ya wenyeji imekuwa wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu na waliotutangulia, nazo haziuzwi, hata thamani ya mtaa ipande vipi. Ni kweli kodi yake ndogo huchelewesha matengenezo; lakini familia zingali ndani.

Huku kwetu, shamba la ukingoni laweza kuuzwa leo kwa thamani ya korosho za msimu mmoja. Tunasihi lisiuzwe. Anayetaka kujenga nyumba ya wageni akodishiwe kwa maandishi na kwa muda maalumu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiwezesha familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na maombi yake huanzia katika halmashauri ya kijiji.