Si Kila Mtandio Una Bei

Siku hizi mtu hawezi kushika brashi pasi na kuulizwa atauza wapi. Mwanamke akiketi jioni baada ya shughuli zake, akawamba kipande cha hariri kwenye fremu na kuanza kujifunza kukitia rangi, haulizwi amefikia wapi wala rangi ile ameichanganya vipi. Huulizwa: "Utauza kiasi gani?" Akijibu kuwa hauzi, bali anajifunza kwa kupenda, huonekana mtu aliyekosa kazi. Makala haya yanalipinga swali hilo, na yanawapinga wanaoliuliza kwa jina la maendeleo.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana wengi wanaoibeza hawaijui. Hariri haichorwi kama karatasi. Huwambwa ikakazwa mfano wa ngozi ya ngoma, isiguse meza. Kisha huchorwa mistari kwa guta, kizuizi ambacho asili yake ni utomvu wa miti ya visiwa vya Malay. Mistari ikikauka ndipo rangi hutiwa. Na rangi ikigusa hariri haingoji amri, hutambaa yenyewe ndani ya nyuzi mpaka ikutane na mstari. Mstari ukiacha upenyo mwembamba kama unywele, buluu ya bahari itavuka na kuliingia ua jekundu, wala hakuna kitakachoirudisha. Chembe za chumvi zikinyunyizwa juu ya rangi mbichi huivuta, zikaacha nyota ambazo mkono hauwezi kuzipanga. Kwa rangi zinazotaka mvuke, kitambaa huviringishwa ndani ya karatasi na kufukizwa ili rangi ishike. Tone la maji likipenya, kazi ya siku kadhaa imeharibika.

Je, huu ni mchezo wa asiye na la kufanya? Msomaji aliyezoea vina na mizani ataitambua hapa sheria anayoijua. Mizani 16 za mshororo hazikuwekwa ili kuibana maana, bali kuipa ukingo isimwagike. Na kama ilivyo katika ushairi, anayeanza ataharibu nyingi kabla ya kupata moja. Ataukaza mno ukingo au ataulegeza. Ataogopa rangi au ataimwaga. Hayo ndiyo mafunzo, na hayana njia ya mkato.

Hapa ndipo swali la bei linapoua. Mwanafunzi anayelazimishwa kuuza mtandio wake wa kwanza hujifunza jambo moja tu, nalo ni kurudia kilichouzika. Akipata mnunuzi wa jahazi na jua linalozama, atachora jahazi na jua linalozama mpaka uzeeni. Tembeeni katika maduka ya vitu vya wageni, muone mkono uliokoma kujifunza siku ulipopata mteja. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakusema kinachouzika ndicho kizuri.

Watatujibu kwamba haya ni maneno ya walioshiba. Kwamba mama mwenye watoto hana jioni ya kuchezea hariri, na ujuzi usioleta unga nyumbani ni anasa. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Lakini tuifuate hadi mwisho wake. Madukani imejaa mitandio iliyopigwa chapa kwa mashine, na mashine haichoki wala haidai ujira. Mkono wa mtu hauwezi kuishinda kwa wingi wala kwa rahisi. Silaha yake ni umahiri, na umahiri huzaliwa katika saa zile ambazo hakuna aliyezitia bei. Kwa hiyo hata anayetaka kuuza kesho anahitaji leo aachwe ajifunze. Na asiyemudu hariri aanze na pamba na nta, kama wafanyavyo watu wa batiki: kanuni ni ile ile, ukingo huzuia rangi. Au aanze na mkono aliokwisha kuufunza hina, maana aliyezoea kumchora bibi harusi ameshaijua nusu ya kazi.

Tena tukumbuke mfano ulio karibu nasi. Shaaban Robert, aliyeishi kati ya 1909 na 1962, alipata riziki yake kwa ukarani serikalini, akianzia idara ya forodha. Mshahara ulilipia ukarani. Lau kila ubeti alioutunga ungelazimika kwanza kutaja bei yake, sijui leo tungekuwa tunasoma nini. Mbona mwanamume anayetunga shairi usiku huitwa mtunzi, na mwanamke anayetia rangi hariri saa hiyo hiyo huitwa mpoteza wakati?

Jambo kubwa zaidi ni hili. Pwani yetu haikuwa ya wanunuzi watupu. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuwa nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hadi Misri. Katika karne ya 16 Wareno waliitaja Pate kwa nguo zake za hariri. Leo tunavaa tunacholetewa, tukakisifu au kukilaumu bila kujua kimefanywaje. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini asiyewahi kuunda hata kitu kimoja hataujua mbao mzuri na uliooza. Mtu aliyejifunza kutia rangi mtandio mmoja, hata kama hautatoka nje ya kabati lake, ameshapata jicho. Hadanganyiki tena na kila king'aacho. Jamii yenye macho kama hayo haiuziwi takataka kwa urahisi.

Basi tunawataka wanaoendesha madarasa ya kazi za mikono waache kufungua somo la kwanza kwa hesabu ya faida. Tunawataka waume, kaka na shangazi waiheshimu ile saa moja ya jioni. Na tunawataka wahakiki wetu wasingoje mtandio ufike dukani ndipo wautambue kuwa ni sanaa. Uraibu ni neno tulilolizoea kwa tambuu: kitu ambacho mtu hukirejea kila siku kwa sababu roho inakitaka. Hatumuulizi mla tambuu faida yake. Anayejifunza hariri naye tumwache; na kama ni lazima tumuulize kitu, tumuulize rangi ile ameichanganya vipi.